Nyumba Yenye Msiba Haiombi

Nyumba ya Nanzia iliungua wakati Mgawaji alikuwa anamwagilia maharage ng'ambo ya bonde.

Hakufa mtu. Nanzia aliwatoa watoto wake, na mama mkwe wake tulimpitisha mlango wa nyuma tukiwa tumembeba pamoja na godoro lake. Lakini sote tuliokimbilia pale tulifika na ndoo tupu, tukasimama tukiangalia paa linavyoingia ndani. Nanzia aliliita sikio, kile kisanduku cha kuombea maji ambacho kila nyumba inacho ukutani. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Maji! Moto, nyumba ya Nanzia! Maji!"

Sikio likamjibu kwa upole uleule linaomjibia mtu mwenye tuta la mchicha. "Umesikika. Wewe ni wa kwanza kwenye foleni. Subiri."

"Wa kwanza, na naungua hivi!" Nanzia akapiga kelele. "Huyo wa pili angekuwaje?"

Wapo waliocheka. Watu wa milimani hucheka popote, hata mahali ambapo baadaye wataona haya. Kisha ukuta ukaanguka na sikio likanyamaza.

Maji yalikuja. Yalishuka kwenye mfereji yakiwa safi na ya baridi, kiasi kamili alichostahili, yakaizunguka nyumba ambayo haikuhitaji tena kitu.

Naandika haya kwa sababu kaka yangu Togolani ndiye aliyemtengeneza Mgawaji, na kwa sababu alikuwa amelala kaburini tangu mwanzo wa kiangazi hicho, moyo wake ukiwa umesimama akiwa anakunywa uji. Hakuwepo kusikia watu wakimtukana. Mimi nilikuwepo.

Mgawaji si mtu, ingawa tulimzungumzia kama mtu. Ni programu. Togolani aliiandika miaka ile watu walipoanza kupanda huku juu kwa wingi kukimbia joto la tambarare, na mto ukawa hautoshi tena. Nyavu za ukungu zilisimamishwa kwenye matuta yote ya mlima. Ukungu ulinaswa usiku, ukawa maji, na maji yakakusanywa kwenye bwawa la mawe ambalo mababu zetu waliliita ndiva na sisi hatukuona sababu ya kuliita vingine. Kutoka ndiva mifereji ilishuka kwenye nyumba zote, kila mfereji na lango lake la umeme wa jua. Mgawaji alisikia ombi, akapima ndiva, akafungua lango, akahesabu maji, akafunga lango. Hapo ndipo aliposikiliza ombi la pili. Jambo moja, halafu jingine. Togolani alipenda hivyo. "Anayeshika jambo moja," alikuwa akisema, "hawezi kugongana na nafsi yake."

Na alikuwa sahihi, kwa watu tuliokuwa nao wakati huo. Baadaye nyumba ziliongezeka mara nyingi. Tulimfundisha Mgawaji kuutanguliza moto na zahanati kwenye foleni, lakini hata anayetangulia humngoja yule ambaye tayari anahudumiwa. Tukimkatiza katikati, anapoteza hesabu ya alichokwisha kutoa. Ndivyo nyumba ya Nanzia ilivyoungua bila mtu yeyote kufanya kosa.

*

Umoja wa mabonde ulituletea fundi wa programu, kijana mrefu wa Kisukuma aitwaye Shigela. Tulifanya kazi pamoja kwenye chumba cha mtambo chini ya ndiva, mimi nikiwa na funguo za marehemu kaka yangu na kile alichonifundisha baada ya kidato cha nne, yeye akiwa na masomo yake na mdomo usiochoka.

"Dada Naelijwa," aliniambia siku ya kwanza, "Mgawaji wenu ni kinyozi mmoja kwa mji mzima. Anakunyoa vizuri, sikatai. Lakini aliyekaa nje anaota ndevu nyingine."

"Sasa unataka nini?"

"Vinyozi wanane. Programu ileile, ila inakwenda kwa nyuzi nane badala ya uzi mmoja. Kila uzi unashika ombi lake. Moto ukiita, uzi uliopo huru unaitika hapohapo."

"Vinyozi wanane," nikasema, "na wembe mmoja?"

Alinitazama vizuri, kisha akavuta kiti. "Hapo ndipo penye kazi, dada. Ndiva ni moja."

Nilimweleza jambo lililotokea jikoni kwetu tulipokuwa tunamzika Togolani. Shangazi Nakunde alionja maharage kwenye sufuria kubwa, akakuta hayana chumvi, akaenda kutafuta chumvi. Kabla hajarudi, mwanamke mwingine naye akaonja, akakuta hayana chumvi, naye akaenda. Wote wawili walirudi na kutia. Hakuna aliyekosea, na chakula hakikulika.

"Basi umenimalizia somo zima," Shigela akasema. "Ubaya wa nyuzi nyingi ni huo tu. Kuonja ni jambo la kwanza, kutia ni jambo la pili, na katikati kuna mlango anapopita mtu mwingine."

Alikuwa ametengeneza bonde dogo la kujaribia: beseni kubwa lililowekwa juu ya meza kuwa ndiva, na mirija kuwa mifereji. Tulilipatia maombi ya uongo yanayofanana na ya kweli, ya mashamba, ya majiko, ya zahanati. Nyuzi nane ziliyapokea kama mikono minane. Tukapandisha ombi la moto katikati ya umwagiliaji, na mrija wa moto ukatoa maji kabla sijamaliza kutamka. Nilicheka. Nilishtuka kusikia sauti yangu, maana sikuwa nimecheka tangu mazishi.

Kisha nikamwuliza, "Umejaribu msiba?"

"Msiba ni ombi kama lingine. Nyumba inaomba, inapewa fungu kubwa mara moja kwa siku. Marehemu aliandika vizuri."

"Nyumba yenye msiba haiombi," nikamwambia. "Huombewa."

"Na nani?"

"Na yeyote. Habari ikifika, kila jirani anakwenda kwenye sikio lake na kusema, maji ya msiba, nyumba ya fulani. Hangoji kuuliza kama mwenzake ameomba, kwa sababu kuuliza ni kama kutafuta wa kumsukumia. Anaomba. Mgawaji anamkubalia wa kwanza, na waliobaki anawaambia maji yamekwishafika. Wote wanaridhika."

Shigela aliacha kutabasamu. Nilimwona anakokotoa kichwani, na alifika haraka kuliko nilivyofika mimi nilipofikiria jambo hilo kwa mara ya kwanza. "Huko nilikotoka mtu anajiombea mwenyewe," akasema polepole. "Ndiyo maana sikuliona. Hakuna mahali ambapo watu arobaini wanaomba kitu kimoja, kwa ajili ya mtu mmoja, kwa wakati mmoja."

"Jaribu. Lakini weka nyumba ambayo haipo. Usiweke namba ya nyumba yenye watu."

Hakuniuliza sababu. Hata kwao kifo hakiitwi kwa mchezo.

Aliingiza maombi ya majirani wengi kwa nyumba isiyokuwepo. Kila uzi uliuliza: je, nyumba hii imepata fungu lake leo? Bado. Bado. Bado. Kila uzi ukafungua lango lilelile na kuanza kuhesabu fungu lake mwenyewe. Beseni likakauka, maji yakamwagika mezani, yakashuka kwenye viatu vya Shigela.

"Wametia chumvi wote wanane," akasema, bila kusogeza miguu.

Tukaangalia lile beseni. Ndiva ya kweli, katika kiangazi, haina zaidi ya mafungu manne ya msiba. Ikikauka, nyavu zinahitaji wiki kadhaa za ukungu kuijaza, na ukungu wa kiangazi ni mwembamba kama kanga iliyofuliwa sana.

*

Dawa ipo, na kila mtu wa kazi hii anaijua. Inaitwa kufuli. Uzi unaotaka kuonja hufunga mlango kwanza, huonja, hutia, huandika kwamba nimetia, ndipo hufungua. Wengine hungoja nje.

Mimi nilitaka tuifungie ndiva nzima. Shigela akanikatalia. "Hapo umerudi kwa kinyozi mmoja, dada. Umewaajiri wanane ili saba wakae benchi."

Alikuwa sahihi. Basi tukaweka kufuli kwa kila nyumba: maombi ya nyumba moja yanangojana mlangoni, ya nyumba tofauti yanakwenda pamoja. Tukajaribu msiba wa nyumba isiyokuwepo. Fungu moja lilitoka, wengine wakajibiwa. Tukarudia hadi mirija ikaanza kuvuja kwenye viungo. Kila mara fungu moja.

Lakini kupita majaribio si kuthibitisha. Gari bovu hukuonyesha ubovu kila ukiliwasha. Kosa la nyuzi linaweza kukaa kimya misimu miwili, likisubiri siku ambayo watu wawili watasema neno kwa pumzi moja. Tulilijua hilo sote wawili.

Lilikuwapo na jingine. "Uzi ulioshika kufuli ukifa ukiwa ndani," Shigela akauliza, "tufanyeje? Tukilivunja kufuli baada ya muda, huenda maji yakatoka mara mbili. Tukiliacha, nyumba ya msiba itangoja."

"Liache," nikasema.

"Umejibu haraka."

"Mwambie Mgawaji, kufuli likikwama, apige kelele kwenye masikio yote: leteni maji kwa mikono, nyumba ya fulani. Watakuja. Mfereji haukuwahi kuwa ndiyo njia pekee ya maji kufika msibani."

Aliandika hivyo, na mpaka leo ndivyo ilivyo.

*

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa shule. Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Kirumbe, mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kuhakikisha ndiva haikauki akiwa madarakani, na ambaye kwa kazi hiyo alikuwa amepoteza marafiki wengi. Shigela alieleza nyuzi, alieleza kufuli, na hakuficha kwamba hakuna wa kuahidi kwa asilimia mia.

Kirumbe akasimama. "Nyuzi nazitaka. Aliyesimama pale kwa Nanzia hawezi kuzikataa. Ila nina njia nyepesi kuliko kufuli. Tutoe sheria: kila nyumba ijiombee yenyewe. Sikio liko ukutani, mdomo uko usoni. Hakuna arobaini wanaoomba kitu kimoja, hakuna hatari. Nimekosea, fundi?"

Shigela akakubali kwamba hajakosea. Kwa upande wa programu, hiyo ilikuwa njia salama zaidi.

"Mimi naikubali," Nanzia akasema. Alikuwa bado amefungwa bendeji mikono yote. "Mnisamehe. Najua mila. Lakini mimi siku ile ningejiombea hata kwa kuimba na kucheza. Mtu mwenye shida aseme shida yake."

"Wewe ulikuwa na moto, mama," akasema Shangazi Nakunde. "Moto unafungua mdomo. Msiba unaufunga."

"Aufungue!" mtu akaropoka kutoka nyuma. "Mbona wakati wa kugawana nguo za marehemu unafunguka wenyewe?"

Ukumbi ukaangua kicheko, Kirumbe akagonga meza, na mimi nikasimama kabla sijaamua kusimama.

"Togolani alipofariki," nikasema, "sikio lilikuwa karibu nami. Ningenyoosha mkono ningeligusa. Lilitengenezwa nyumbani kwetu, na nilijua kila neno linaloweza kusikia. Sikuliomba. Si kwamba nilisahau. Sikuwa na mdomo. Mama alikuwa amekaa na bakuli lile la uji mikononi, na hakuna tone la kuoshea bakuli wala la kumwoshea mwanawe. Kisha nikasikia lango linafunguka. Mpaka leo sijui nani aliyetuombea. Sitaki kujua. Kwa kuwa sijui, nikikutana na yeyote kati yenu njiani, huenda ni yeye."

"Hayo ni maneno mazuri, Naelijwa," Kirumbe akasema, na hakusema kwa dharau. "Sasa nijibu la ndiva. Ikikauka kwa sababu ya adabu zetu, watoto watakunywa adabu?"

"Ikikauka nitakuwa nimekosea, nami nitasimama hapa mnilaumu. Lakini nimepima, Mzee. Kufuli ni zuri, nimelishika kwa mikono yangu. Na sheria yako nayo ina hatari yake. Tukiwafundisha watu kwamba kila nyumba ijiombee, watajifunza. Watajifunza vizuri sana. Siku tukihitaji watu wa kubeba ndoo, tutawatoa wapi?"

Kirumbe akaweka sharti lake, na lilikuwa la haki. Wiki ile ile tulikuwa tunaanua matanga nyumbani kwetu, kumaliza msiba wa Togolani, na siku hiyo majirani wote wangeomba maji kwa ajili yetu kwa mara ya mwisho. Hapo hapakuhitajika maombi ya uongo. Nyuzi na kufuli zianze kazi siku hiyo. Juu ya ndiva kuna gurudumu la chuma linalofunga maji yote kwa mkono. Shigela akae kwenye gurudumu, naye Kirumbe akae naye. Ndiva ikishuka zaidi ya inavyotakiwa, wafunge.

"Na gurudumu likifungwa," akasema, "nyuzi zitabaki, lakini kufuli lako litaondoka na sheria yangu itaingia. Umekubali?"

"Nimekubali."

*

Asubuhi ya kuanua matanga nilikaa kwenye mkeka na Mama na wanawake wa ukoo, na redio ndogo ya kuzungumzia na Shigela ilikuwa kwenye pindo la kanga yangu. Nyumba ilifagiliwa. Mashuka yaliyofunika vioo yalitolewa. Sikuligusa sikio. Nilisikia tu nje, kutoka nyumba za jirani, watu wanaanza kuomba. "Maji ya msiba, nyumba ya Togolani." Mwingine nyuma ya ua wetu. Mwingine juu ya barabara. Wengine walisema kwa pamoja kabisa, kwa pumzi moja, jambo lile lile nililoliogopa. Baada ya muda mfupi sauti hazikuhesabika.

Lango letu likafunguka. Maji yaliingia kwenye matangi uani, wanawake wakanyanyuka na sufuria. Nilisikiliza jinsi yanavyojaa. Sikuwa na wasiwasi mwingi, nasema kweli. Nilikuwa na ule utulivu wa mtu aliyekwisha kukagua fundo na sasa anaangalia mzigo unapandishwa.

Fungu likatimia. Lango likajifunga. Na kutoka nyumba zote zilizotuzunguka masikio yakaanza kujibu, moja baada ya jingine na mengine kwa pamoja: "Maji yamekwishafika. Maji yamekwishafika."

"Vigelegele!" Shangazi Nakunde akasema, na baadhi ya wanawake wakapiga, ingawa hawakujua wanashangilia nini.

Redio ikalia.

"Dada." Sauti ya Shigela haikuwa na mzaha. "Ndiva bado inashuka."

"Kwetu pamefungwa."

"Najua unavyosema. Lakini alama ya kina cha maji inashuka mbele ya macho yangu. Mzee ameshika gurudumu. Nifunge?"

Nilitoka uani. Mfereji wetu ulikuwa umetulia, mawe yake yanakauka juani. Kama nyuzi zingekuwa zinafungua lango letu mara ya pili, maji yangekuwa hapa, miguuni pangu. Hayakuwepo. Lakini maji yalikuwa yanakwenda mahali.

"Inashuka haraka?"

"Kwa mwendo wa fungu moja. Labda zaidi kidogo. Dada, niambie."

Gurudumu likifungwa, kila kitu hufungwa, popote kilipofika, na aliyekuwa anapokea hubaki na nusu. Nilifumba macho nikasikiliza. Tangu Mgawaji aanze kazi, bonde hili lilikuwa na mfereji mmoja tu unaotembea kwa wakati mmoja. Ukisikia maji upande wa kulia, ulijua kushoto ni kimya. Sasa niliyasikia chini, mbali, upande wa zahanati, yakishuka kwa kasi kwenye mfereji wa mawe. Nikageuza kichwa. Niliyasikia pia juu, mepesi zaidi, kwenye matuta ya shule. Sauti mbili. Hazikuwa zinapishana wala kusubiriana.

"Usifunge," nikasema. "Ni zahanati, na shule. Yanakwenda pamoja."

"Una uhakika?"

"Nayasikia yote mawili."

Nilimsikia Shigela akiongea na mtu pembeni, kisha chuma kikigonga chuma.

"Mzee ameachia gurudumu," akasema mwishoni. "Alama imesimama. Imesimama palepale inapotakiwa." Akavuta pumzi, na mzaha ukarudi kwenye sauti yake. "Ila ana malalamiko, huyu mzee wako."

"Malalamiko gani?"

"Anasema alipofika hapa asubuhi aliomba maji ya nyumba ya Togolani kwenye sikio la chumba cha mtambo, na sasa hivi limemwambia yamekwishafika. Anasema haiwezekani, aliamka mapema makusudi. Anataka kujua nani aliyemtangulia."

Nilitazama nyumba za jirani, moja baada ya nyingine, hadi zile za mwisho karibu na msitu.

"Mwambie kufuli halisemi," nikajibu, nikarudi ndani kuosha vyombo.